Kukaa Pwani msimu wote wa baridi ya Ulaya: mwongozo kamili wa viza na vibali

Oktoba ikifika, jua likaanza kuzama mapema London, Hamburg, Stockholm na Toronto, wazee wetu wa ughaibuni huanza kuulizana: mwaka huu tunashuka lini? Magoti yanauma, bili ya joto imepanda, na huku Pwani kaskazi iko karibu kuanza kuvuma na maembe yanaiva. Nauli si tatizo kubwa kwao. Kinachowakosesha usingizi ni karatasi. Wengi wanaorudi Unguja, Tanga, Dar au Mombasa wanarudi na pasipoti ya Uingereza, Ujerumani au Marekani, na mbele ya dirisha la Uhamiaji wao ni wageni kama mtalii yeyote, hata kama nyumba ya baba yao iko mwendo wa dakika kumi kutoka uwanja wa ndege.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa miezi mitatu hadi sita Tanzania, Bara au Visiwani, au Kenya. Ushauri wangu mkubwa ni wa mpangilio: hesabu siku kwanza, kisha chagua viza au kibali, tiketi iwe ya mwisho. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona nauli ya bei nafuu, wanalipa, halafu wanagundua tarehe ya kurudi imepita ukomo wa viza kwa siku kumi.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani mbele ya sheria

Hapa usikimbilie, maana kila kitu kinachofuata kinategemea jibu lake.

Ukiwa bado na pasipoti ya Tanzania au Kenya, na huko nje unaishi kwa kibali cha ukaazi tu, viza ya kushuka haikuhusu. Unaingia kwako kama raia na unakaa utakavyo. Shida yako iko kwenye mlango wa kurudi, nayo nimeieleza katika hatua ya 5. Ruka moja kwa moja huko.

Ukiwa ulizaliwa Mtanzania na ukachukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima, sheria ya Tanzania haikubali uraia pacha kwa watu wazima. Umeacha kuwa Mtanzania siku uliyoapa kule, hata kama pasipoti yako ya zamani iko kabatini na muda wake haujaisha. Nasema hili kwa uzito: usiitumie kuingilia. Kutumia pasipoti ya uraia usiokuwa nao ni kosa la jinai, na likigundulika linaweza kukufungia mlango wa nyumbani kwa miaka. Ingia na pasipoti uliyonayo kihalali. Sehemu ya kuzaliwa itasomeka Zanzibar au Moshi, na afisa anaweza kukuuliza habari za uraia wako. Mjibu ukweli. Kuzaliwa hapa si kosa.

Kenya mambo ni tofauti. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia wake chini ya sheria ya zamani anaweza kuomba kuurejesha, na mtoto wa Mkenya aliyezaliwa nje ni raia pia. Kwa hiyo ikiwa wewe ni mtu wa Mombasa, Lamu au Kisumu mwenye pasipoti ya kigeni, kabla ya kuhangaika na kibali cha aina yoyote, nenda ubalozini ukarejeshe uraia wako. Ndiyo karatasi bora kuliko zote katika mwongozo huu. Anayechukua uraia wa pili anatakiwa kuutangaza kwa serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu, na kutotangaza ni kosa.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi anayetaka kukaa Tanzania, au Mtanzania anayetaka kukaa Kenya, ana nafuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, raia wa nchi mwanachama hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita bila ada. Hakikisha tu inagongwa kwenye pasipoti.

Kuna kundi moja ambalo naliombea uangalifu wa pekee, nalo ni wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi. Ukirudi katika nchi uliyosema umeikimbia, nchi iliyokupa hifadhi inaweza kuhesabu kwamba hofu yako imekwisha na kukuondolea ulinzi. Na hata ukienda nchi jirani tu, hati hiyo huhitaji viza inayoombwa mapema, si ya kuchukua uwanjani. Zungumza na mwanasheria wa wahamiaji huko uliko kabla ya kulipa hata senti moja ya nauli.

Hatua ya 2: Hesabu siku, na uzihesabu kwa kalenda

Viza ya kawaida ya Tanzania na idhini ya kusafiri ya Kenya (nimeieleza katika hatua ya 3) zote zinakupa hadi siku 90. Watu husikia 90 wakaelewa miezi mitatu, wakaelewa tena "mpaka Machi hivi". Hapo ndipo wanapoteleza.

Chukua mfano wa mtu anayetaka kushuka mwanzoni mwa Desemba 2026 na kula Idi na ndugu zake. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na Idi el-Fitri kuangukia karibu na tarehe 10 Machi, kutegemea mwezi. Akiingia tarehe 1 Desemba, siku ya kuingia ikihesabiwa kuwa ya kwanza, siku yake ya 90 ni tarehe 28 Februari. Idi inamkuta ana siku kama kumi za ziada. Amefunga mwezi mzima na jamaa, na siku ya sikukuu yuko nchini bila kibali.

Mtu huyo huyo akisogeza safari hadi tarehe 15 Desemba, siku ya 90 ni tarehe 14 Machi. Anasali Idi, anazuru makaburi, anaagana na watu kwa utulivu, anaondoka ndani ya sheria kwa viza ya dola 50. Wiki mbili za kuvumilia baridi zimemwokoa gharama za kibali kizima. Kabla ya kutafuta karatasi kubwa, jaribu kwanza kusogeza tarehe. Na ukate tiketi ya kurudi siku tatu nne kabla ya ukomo, kwa sababu ndege huahirishwa na watu huugua.

Hatua ya 3: Kama siku 90 zinatosha

Tanzania. Omba viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani. Raia wa Marekani hapewi hiyo. Yeye huchukua viza ya kuingia mara nyingi kwa dola 100, inayodumu miezi 12, lakini kila akiingia hakai zaidi ya miezi mitatu. Viza ni moja kwa Bara na Zanzibar, ingawa ukitoka Dar kwenda Unguja utakuta maafisa wanaokagua pasipoti, basi iwe mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa.

Mataifa mengi yanaweza pia kupata viza uwanjani Dar, Kilimanjaro au Zanzibar. Kwa mzee anayeshuka na kiti cha magurudumu baada ya safari ya usiku kucha sishauri hivyo. Mwombee ya mtandaoni wiki kadhaa kabla, ichapishe nakala mbili, moja abaki nayo mwenyewe.

Kenya. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza za kawaida na kuweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, eTA, inayoombwa kwenye etakenya.go.ke kwa ada ya takriban dola 30. Iombwe angalau siku tatu kabla ya kusafiri, ila mimi ningeomba wiki tatu kabla. Kila anayetakiwa kuwa nayo anahitaji yake mwenyewe, mpaka mtoto mchanga.

Mtandaoni kumejaa tovuti za mawakala zinazofanana sana na za serikali, zinatoza mara mbili au tatu, na nyingine hazileti kitu. Tazama mwisho wa anwani: za serikali huishia go.tz na go.ke. Wajukuu, hii ni kazi yenu. Kaeni na bibi na babu mjaze pamoja, na mhakikishe jina linaandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, si kama mtaa unavyomjua. Bi Mwanakheri akiandikwa Mwana Kheri katika fomu, anaweza kurudishwa dirishani akafafanue.

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Ukipitia nchi yenye homa ya manjano, beba ile kadi ya chanjo.

Hatua ya 4: Kama siku 90 hazitoshi

Njia ziko kadhaa, na si zote zinalingana kwa uzito.

Kugawa msimu kati ya nchi mbili ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa anayetaka miezi minne au mitano bila kibali. Pwani ni moja na ndugu wako pande zote. Kaa Tanga au Unguja chini ya siku 90, kisha vuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga uende Mombasa, Malindi au Lamu kwa idhini ya Kenya. Hapo humdanganyi mtu, kila nchi umekaa ndani ya muda wake. Ukianza Kenya kisha ukaja Tanzania, kadi ya homa ya manjano utaulizwa. Ipo pia viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki kwa dola 100, lakini ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo, na siku zake ni 90 kwa nchi zote tatu kwa jumla. Kwa safari yetu haina faida.

Kuongeza muda. Kenya huruhusu mgeni kuomba nyongeza kabla siku zake hazijaisha, jumla isizidi miezi sita. Ombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji, na usingoje wiki ya mwisho. Tanzania nisingeijengea mpango juu ya nyongeza. Ofisi ya Uhamiaji husikiliza sababu ya kweli, kama kulazwa hospitali au msiba, lakini kutaka kukaa tu zaidi si sababu ya kuitegemea ukiwa bado uko Leeds unapanga.

Kutoka na kuingia tena. Utasikia mtu anasema nenda Nairobi siku mbili, rudi, unapewa nyingine 90. Wapo waliofanikiwa. Lakini viza haimlazimishi afisa akuruhusu, na pasipoti yenye mihuri inayofuatana hivyo inamwambia kwamba unaishi hapa bila kibali. Kijana mwenye begi moja anaweza kuvumilia kukataliwa mpakani. Mzee mwenye sukari ambaye dawa zake zimebaki nyumbani hapaswi kuwekwa katika hali hiyo.

Mwenza au mtoto raia. Kama mkeo, mumeo au mwanao ni Mtanzania anayeishi nchini, ulizia hati ya mtegemezi. Kenya nayo inayo pasi ya mtegemezi. Watu wengi hujilipia viza kila mwaka ilhali wana haki hii. Utahitaji cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, na kama kimetolewa nje kwa lugha nyingine, kitafsiriwe rasmi na kuthibitishwa kabla hujasafiri.

Kibali cha ukaazi cha mstaafu. Tanzania ina madaraja matatu ya vibali: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wengine, wakiwemo wanafunzi, watafiti na wastaafu. Anayeshuka kila mwaka kwa miezi mitano au sita afikirie daraja C. Andaa barua ya maombi inayoeleza utakapoishi na utakavyojikimu, uthibitisho wa pensheni, taarifa za benki, picha na nakala za pasipoti. Kenya ina kibali cha daraja K: uwe na umri wa zaidi ya miaka 35 na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, ambayo hayatokani na kazi ndani ya Kenya. Kwa mtu mwenye pensheni mbili, ya serikali na ya kazini, si kiwango cha kutisha. Kwa mwenye pensheni ya serikali peke yake, mara nyingi hafiki, na ni bora ajue hilo kabla ya kulipa ada ya maombi isiyorudishwa. Na Kenya, mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajisajili apewe kitambulisho cha mgeni.

Vibali hivi huchukua miezi. Kama unataka kushuka Novemba, karatasi ziwe zimeingia Juni au Julai.

Hadhi maalumu ya diaspora. Bunge la Tanzania limepitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa Watanzania wa asili walio na uraia wa nje hadhi maalumu, ikiwemo nafuu ya kuingia, kukaa na kumiliki ardhi. Hili tumelililia miaka mingi, na ni jambo la heshima kwa watu waliotuma pesa za kujenga nusu ya mitaa yetu. Ulizia ubalozini masharti na ada za sasa, na anza mapema kukusanya ushahidi wa asili yako: cheti chako cha kuzaliwa, vya wazazi, pasipoti ya zamani, cheti cha shule. Kwa aliyezaliwa Pemba miaka ya hamsini, kupata cheti cha kuzaliwa pekee kunaweza kumaliza msimu mzima. Mtume ndugu aanze kufuatilia sasa.

Kununua nyumba Zanzibar. Mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, anapata haki ya kibali cha ukaazi. Kwa mwenye pesa hizo ni njia halali. Usinunue kwa ajili ya kibali tu.

Hatua ya 5: Linda mlango wa kurudi

Huu ndio upande unaosahaulika. Mtu anapata kibali kizuri huku, akirudi anakuta amepoteza kitu kule.

Ukiwa Uingereza na kibali cha kudumu, kinapotea ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, kwa hiyo miezi sita haikudhuru. Kinachokatika mapema ni misaada. Pension Credit, msaada wa wazee wenye kipato kidogo, kwa kawaida hulipwa kwa wiki nne tu ukiwa nje, na msaada wa kodi ya nyumba una ukomo kama huo. Pensheni yenyewe ya serikali inaendelea.

Ujerumani, kibali cha kudumu cha kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miezi sita, isipokuwa una miaka 15 ya ukaazi halali na unajitegemea kimaisha, na hata hapo chukua barua ya uthibitisho kutoka ofisi ya wageni kabla ya kuondoka. Msaada wa wazee, Grundsicherung, husimama baada ya wiki nne. Wazee wengi wa kwetu wanaishi kwa msaada huu, na kukaa kimya ukiwa Tanga miezi minne huku pesa zinaingia kutakurudia kama deni.

Marekani, mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, asizidishe miezi sita kama ana mpango wa kuomba uraia, na akitarajia kuzidi mwaka aombe kibali cha kurejea kabla ya kuondoka. SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hukatwa ukikaa nje siku 30 mfululizo. Kanada, mkaazi wa kudumu anatakiwa awe nchini siku 730 katika kila miaka mitano, na bima ya afya ya Ontario inaruhusu kutokuwepo hadi siku 212 katika miezi 12. Mikoa mingine ina hesabu zake.

Piga simu ofisi husika kabla ya safari, omba jibu kwa maandishi, na uliweke.

Hatua ya 6: Bima

Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni tangu tarehe 1 Oktoba 2024: dola 44, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar na inadumu siku 92. Utailipa hata kama una bima nyingine. Usiiache ikawa bima yako pekee.

Bima za safari za mwaka zinazouzwa Uingereza mara nyingi hulipia siku 31 tu kwa kila safari, na za Ujerumani wiki sita hadi nane. Siku ya 60 ukivunjika nyonga, huna bima ingawa umelipa. Tafuta bima ya safari ndefu, taja maradhi yote uliyonayo, na uhakikishe inagharamia kukusafirisha kwa ndege hadi Nairobi au Ulaya. Kwa anayeishi Pemba au Lamu kipengele hicho ndicho cha kwanza kukisoma. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wa Marekani, na bima ya afya ya lazima ya Ujerumani hazifanyi kazi huku.

Hatua ya 7: Usifanye kazi kwa viza ya matembezi

Kufundisha madrasa, kutibu watu zahanati ya kijijini, kusimamia duka la ndugu, hata bila malipo, vyote vinaweza kuhesabiwa kazi. Najua nia ni njema, na uchungu wa kuambiwa huruhusiwi kuwasaidia watu wako naufahamu. Lakini omba kibali kinachofaa kwanza. Anayefanya kazi ya mwajiri wa nje kwa kompyuta aangalie kibali cha daraja N cha Kenya, kilichoanzishwa kwa watu wa aina hiyo. Tanzania, viza ya biashara ya dola 250 ni ya shughuli za muda mfupi.

Hatua ya 8: Uwanjani, na baada ya hapo

Ukigongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla hujausoma. Tazama tarehe na idadi ya siku. Afisa anaweza kuandika pungufu ya 90, na ukiona hivyo uliza hapo hapo kwa adabu. Ukishatoka nje ya ukumbi, kurekebisha ni safari nyingine ya ofisini.

Piga picha ukurasa huo, mtumie mtoto mmoja aliyebaki Ulaya na ndugu mmoja wa hapa. Wote wawili waweke kikumbusho kwenye simu wiki tatu kabla ya ukomo.

Na ikitokea jambo, ukaugua, ukafiwa, ndege ikafutwa, nenda Uhamiaji kabla siku hazijaisha, ukiwa na cheti cha daktari, cheti cha kifo au barua ya shirika la ndege. Kama huwezi kutembea, mtume ndugu na pasipoti yako pamoja na barua uliyoisaini. Kabla ya ukomo wewe ni mgeni anayeomba nyongeza. Siku moja baada ya ukomo una kosa, na mazungumzo yataanzia kwenye faini.